Kaunda Suti ya Fundi wa Kariakoo, na Sheria Zinazoizunguka

Tathmini hii inahusu kaunda suti niliyoshonewa na fundi mmoja wa Kariakoo, Dar es Salaam: koti la mikono mifupi lenye ukosi ulio wazi na mifuko minne, pamoja na suruali ya kitambaa hicho hicho. Nimeivaa kazini, kanisani, kwenye vikao vya ukoo na hata msibani kwa miezi kadhaa sasa, na ninaweza kusema tangu mwanzo kwamba ni kazi nzuri iliyofanywa kwa uangalifu, ila ina kasoro mbili ambazo mteja anapaswa kuzijua kabla hajatoa malipo ya awali. Hata hivyo, vazi hili haliwezi kupimwa kwa futi kamba peke yake. Kila sehemu yake, kuanzia shingo isiyohitaji tai hadi mkono unaoishia juu ya kiwiko, imewahi kubishaniwa na marais, maspika na vijana wa chama, na mpaka leo ipo milango ambayo mtu akiifikia akiwa amelivaa atarudishwa. Kwa sababu hiyo nimeitazama suti hii kwa pande mbili: jinsi fundi alivyoishona, na jinsi inavyoitimiza kazi iliyokusudiwa na wale walioifanya kuwa vazi la heshima.

Nianze na kitambaa, maana hapo ndipo fedha nyingi hupotea. Fundi huyu hauzi vitambaa; anakupima kwanza, anakuambia mita zinazohitajika, kisha anakuelekeza kwenye maduka ya jirani na kukueleza cha kutafuta. Alinipa machaguo matatu, yaani kadeti ya pamba tupu, mchanganyiko wa pamba na polista, na kitambaa laini cha suti ambacho kwa sehemu kubwa ni polista. Nilichukua mchanganyiko wa rangi ya majivu iliyokolea, kwa ushauri wake kwamba pamba tupu hujikunja mgongoni mara tu mtu anapokaa ndani ya gari, ilhali polista tupu haipitishi hewa na kwa joto la Dar es Salaam la mwezi Februari ni adhabu kwa anayeivaa. Ushauri huo umethibitika. Kitambaa hakijapauka, hakijatoa vinyweleo, na jasho halitengenezi ramani mgongoni kama linavyofanya kwenye mashati mepesi. Ufundi peke yake ulinigharimu shilingi 70,000, nusu ikilipwa kabla ya kukata, na kwa kiasi cha kazi iliyofanyika naiona bei hiyo kuwa ya haki.

Koti la namna hii lina ukoo wa kushangaza. Babu yake ni koti la kaki la maofisa wa jeshi la Uingereza katika nchi za joto, ambalo baadaye lilivaliwa na wawindaji na watawala wa wilaya waliokuwa wakizunguka vijijini na mahema yao. Viongozi wa uhuru walilichukua koti hilo hilo, wakaondoa alama za vyeo mabegani, wakaliunganisha na suruali ndefu ya kitambaa kimoja, na kulifanya kuwa vazi la mtu huru asiyeona sababu ya kufunga tai kwenye jua la utosi. Kenneth Kaunda, aliyekuwa rais wa Zambia kuanzia mwaka 1964 hadi 1991, alilivaa kwa muda mrefu na kwa unadhifu mkubwa kiasi kwamba jina lake limebaki nalo hata baada ya kifo chake mwezi Juni 2021. Kwetu Tanzania, Mwalimu Nyerere alionekana mara nyingi katika suti za mikono mifupi zisizo na tai, na baada ya ziara yake nchini China mwezi Februari 1965, na ile ya Waziri Mkuu Chou En-Lai hapa kwetu mwezi Juni mwaka huo huo, suti za ukosi uliofungwa nazo zilipata wapenzi wengi miongoni mwa viongozi wa TANU, chama tawala cha wakati huo.

Kuacha tai halikuwa jambo dogo kwa kizazi kile. Wakati wa ukoloni, mwanamume mzima mwenye mke na watoto aliyefanya kazi katika nyumba ya Mzungu alivishwa kaptula au kanzu ya utumishi na kuitwa boi, na nguo hiyo ndiyo iliyomweleza kila mgeni kwamba huyu si mtu wa kuamkiwa. Zamani zaidi, katika Unguja ya karne ya 19, watumwa walitembea miguu wazi na vichwa wazi mbele ya mabwana zao, wakivaa merikani na kaniki, yaani vitambaa vya pamba vya hali ya chini, huku kofia, kilemba na viatu vikiwa alama za waungwana. Utumwa ulipofutwa kisheria visiwani mwaka 1897, moja ya mambo ya kwanza ambayo watu wengi waliokuwa watumwa waliyafanya ni kubadili mavazi: wanaume wakavaa kanzu na kofia, na wanawake wakajifunga kanga za rangi na baadaye kuvaa buibui. Watawala wa nchi nyingine pia waliujua uwezo huu wa nguo. Uingereza yenyewe, tangu karne ya 14 hadi sheria hizo zilipofutwa mwaka 1604, ilikuwa na sheria zilizoeleza ni watu wa daraja gani wanaoruhusiwa kuvaa manyoya, hariri au nguo ya dhahabu. Mtu anayeiona kaunda suti kuwa mtindo tu wa wazee wa miaka ya 70 hajaelewa kwamba wazee wale walikuwa wakijibu amri za muda mrefu sana.

Sasa nirudi kwenye mishono, kwa kuwa vazi linalobeba historia nzito halisameheki likishonwa ovyo. Ukosi ndio sehemu ngumu kuliko zote, na hapa fundi ameshinda. Ameweka ndani yake kitambaa kigumu cha kuusimamisha, ameukata pande zote mbili kwa ulinganifu, na baada ya kufuliwa mara nyingi bado unalala juu ya mtulinga bila kujikunja ncha. Jambo hili lina uzito kwa sababu kwenye suti isiyo na tai ukosi ndio unaoubeba uso wa mvaaji. Ukilegea, koti zima linaonekana shati la kulalia. Mifuko minne imebandikwa kwa mshono wa mistari miwili, ile ya juu ina vifuniko na vifungo, na pembe za ile ya chini zimekazwa kwa uzi wa ziada, kiasi kwamba simu na daftari dogo havijaivuta. Ndani hakuna bitana isipokuwa kipande kinachopita mabegani, uamuzi ambao ninausifu kwa hali yetu ya hewa, na kingo zote zimepigwa ovaloki safi isiyoacha nyuzi. Mpasuo wa nyuma umekaa katikati kabisa. Suruali ina marinda mawili mbele, inakaa vizuri kiunoni, na haihitaji maelezo zaidi.

Kasoro ya kwanza ni kwapa. Fundi amelikata chini mno, hivyo mvaaji akiinua mkono kushika bomba la daladala au kuandika ubaoni, koti lote hupanda na upande wake hufunguka. Nilimrudishia alirekebishe, naye alijitahidi, lakini hakuwa ameacha akiba ya kitambaa kwenye mshono, kwa hiyo nafuu iliyopatikana ni ndogo. Kasoro ya pili ni urefu wa mikono. Kaunda suti iliyokatwa vizuri huwa na mkono mpana unaoshuka karibu na kiwiko na kumalizikia kwa upindo mzito. Wangu umeishia katikati ya msuli, ukiwa na upindo mwembamba wa shati. Mtu wa nje anaweza kuliona hilo kuwa dogo. Sivyo ninavyoliona mimi, kwa kuwa tofauti kati ya koti na shati ndiyo hasa ambayo walinzi wa milango ya heshima huitafuta, na mkono mfupi kupita kiasi unawapa hoja wasiyostahili kupewa.

Mfano ulio karibu zaidi ni wa Kenya. Mwaka 2023 Rais William Ruto alianza kuonekana mara kwa mara katika kaunda suti zilizoshonwa vizuri, na mafundi wa Nairobi wakapata wateja wapya wa vazi hilo. Mwishoni mwa mwezi Novemba mwaka huo huo, Spika wa Bunge la Taifa, Moses Wetang'ula, alitangaza kwamba kaunda suti hairuhusiwi katika majengo ya Bunge, akieleza kwamba mavazi yanayofaa kwa mwanamume ni koti, ukosi, tai, shati la mikono mirefu, suruali ndefu, soksi na viatu, au sare ya utumishi. Kwa wanawake alitaja sketi na magauni yanayovuka magoti, na kukataza blauzi zisizo na mikono. Nimelifikiria tangazo hilo kwa makini, na ninatambua kwamba chombo cha kutunga sheria kina haki ya kulinda utulivu wa ukumbi wake. Ninachoshindwa kukikubali ni kwamba miaka 60 baada ya uhuru, vazi lililobuniwa na Waafrika waliokuwa madarakani, lenye ukosi, vifungo na suruali inayolingana na koti, linaweza kuhesabiwa pungufu ya heshima kwa sababu halina kipande cha kitambaa kinachoning'inia kifuani.

Tanzania ina utaratibu wa busara zaidi katika hili. Kanuni za Kudumu za Bunge letu zinaitambua suti ya safari, yenye mikono mirefu au mifupi, kuwa vazi rasmi kwa mbunge mwanamume sambamba na suti ya kimagharibi, kwa hiyo kaunda suti kama hii yangu, ikiwa ya rangi moja na imepigwa pasi, ina nafasi yake Dodoma. Katika ofisi za serikali pia sijapata kizuizi chochote. Waraka wa mwaka 2007 kuhusu mavazi ya watumishi wa umma, ambao picha zake hubandikwa kwenye milango ya ofisi nyingi, unakataza kaptula, fulana na nguo za kubana, lakini hauigusi suti ya mikono mifupi. Benki na hoteli kubwa hazikunisumbua. Mahakamani suala halijitokezi kwa mawakili, kwa kuwa wao wana joho na bendi zao, yaani vitambaa vyeupe vya shingoni.

Hata hivyo, kuna upande mwingine wa historia ya vazi hili, na tathmini inayoukwepa ingekuwa ya uongo. Dada yangu aliipenda suti hii, akaenda kwa fundi yule yule kuagiza ya kike: koti la mtindo huo huo, na suruali badala ya sketi. Fundi alimpima bila neno, lakini kabla ya kukata alimwuliza mara mbili kama ana hakika kwamba suruali hiyo itakubalika kazini kwake, akamshauri aongeze upana wa mapaja ili asije akarudishwa mlangoni. Mimi hakuniuliza swali kama hilo. Fundi hakuwa na nia mbaya. Alikuwa akisema yale ambayo wateja wake wa kike wamekwisha kukutana nayo. Tarehe 1 Juni 2021 mbunge wa Momba alitolewa nje ya ukumbi wa Bunge mjini Dodoma baada ya mbunge mwenzake wa kiume kusimama na kulalamikia suruali yake, na nchi nzima ikabaki ikijadili mwili wa mwakilishi wa wananchi kwa siku kadhaa.

Mambo haya yana mizizi katika miaka ile ile iliyotupatia kaunda suti. Mwezi Oktoba 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana, ambayo ingeanza kutekelezwa Dar es Salaam tarehe 1 Januari 1969, ikipiga marufuku sketi fupi, nywele za bandia, vipodozi vya kuchubua ngozi na suruali za kubana, kwa hoja kwamba vitu hivyo vinaudhalilisha utamaduni wa taifa. Hata kabla ya tarehe hiyo kufika, wanawake walishambuliwa na makundi ya vijana mitaani, na eneo la Kariakoo, ambako suti yangu imeshonwa, lilikuwa miongoni mwa sehemu hizo. Magazeti ya wakati ule yalijaa barua, na baadhi ya waandishi wake waliuliza swali ambalo kwa maoni yangu halijajibiwa hadi leo: ikiwa sketi fupi ni ya kigeni, je, suruali ya mwanamume ilitoka wapi? Katika kipindi hicho hicho serikali iliwataka Wamasai waache lubega na kuvaa suruali na magauni, kwa madai kwamba mavazi yao yanalitia taifa aibu. Kwa hiyo vijana wale wale wangeweza kumkemea msichana kwa kufuata mno Uzungu na kumkemea mzee wa Kimasai kwa kutoufuata vya kutosha, na mwenye kipimo cha Uafrika ulio sahihi akawa daima ni mwanamume wa mjini aliyevaa suti isiyo na tai.

Majirani walipita njia hiyo hiyo. Idi Amin alitoa amri dhidi ya sketi fupi nchini Uganda mwaka 1972. Malawi ya Kamuzu Banda ilitunga sheria ya mavazi ya staha mwaka 1973, iliyowakataza wanawake kuvaa suruali na sketi zinazoonyesha magoti, na sheria hiyo haikufutwa hadi mwaka 1994. Nairobi, mwezi Novemba 2014, mamia ya wanawake waliandamana baada ya mwenzao kuvuliwa nguo na wanaume kwenye kituo cha matatu, na kabla mwaka haujaisha sheria za Kenya zilikwisha kuongezewa kosa la kumvua mtu nguo kwa nguvu. Hii ndiyo sheria ya mavazi ninayoiheshimu kuliko zote nilizozitaja hapa, kwa sababu inamlinda mvaaji.

Karakana ya fundi huyu inashona pia aina ya pili, yenye ukosi mfupi uliosimama na mikono mirefu, ambayo wateja wake kutoka Lubumbashi na Bukavu huiita abakosti. Niliishika na kuijaribu. Ni nzito zaidi, ina bitana nzima, na inafaa zaidi kwa Arusha au Mbeya kuliko pwani. Historia yake ni kali kuliko ya kaunda suti, kwa kuwa Mobutu, aliyekuwa rais wa Zaire (leo Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo), katika sera yake ya kurudi kwenye asili mwanzoni mwa miaka ya 70, hakuishia kulivaa vazi hilo mwenyewe. Aliwapiga marufuku wanaume wa Zaire kuvaa suti za Kizungu na tai, na wanawake kuvaa suruali. Zambia na Tanzania zilimwachia mwanamume hiari ya kufunga tai, Zaire haikumwachia. Tai zilirudi baada ya hotuba ya Mobutu ya tarehe 24 Aprili 1990 iliyotangaza mwisho wa chama kimoja, na wengi waliokuwa wamelivaa vazi lile kwa kulazimishwa waliliweka kabatini mara moja. Kaunda suti, ambayo haikuwahi kuwa amri, imepata wavaaji wapya ambao hawakuwa wamezaliwa Kaunda alipoondoka madarakani, na ninaamini sababu kubwa ni hiyo.

Kuhusu thamani ya fedha, mshindani halisi wa fundi huyu ni mtumba. Kwa gharama ya kitambaa na ufundi niliyolipa, mtu anaweza kupata katika soko la mitumba la Karume suti mbili za Ulaya zilizovaliwa kidogo, zenye bitana na chapa zinazojulikana. Wakuu wa nchi za Afrika Mashariki waliamua mwaka 2016 kuondoa mitumba hatua kwa hatua ili kuinua viwanda na mafundi wa nyumbani, lakini Marekani ilipotishia kuondoa nafuu ya ushuru wa soko lake nchi zikarudi nyuma, isipokuwa Rwanda, ambayo iliupandisha ushuru wa mitumba na ikaondolewa nafuu hiyo kwa bidhaa za nguo mwaka 2018. Sitamlaumu anayenunua mtumba, kwa kuwa mishahara yetu inajulikana. Ninachoweza kusema ni kwamba suti ya mtumba ilikatwa kwa ajili ya mwili wa mtu mwingine na kwa baridi ya nchi nyingine, na baada ya kuirekebisha mabega, kiuno na urefu, tofauti ya bei hupungua sana.

Kwa yeyote anayefikiria kwenda kwa fundi huyu, au fundi mwingine wa kazi hii, nashauri ajaribishe koti kabla mikono haijaunganishwa, ainue mikono yote miwili juu na akae kwenye kiti, kisha aukague upindo wa mkono na kudai usipungue upana wa vidole vitatu. Kitambaa kilowekwe maji kabla ya kukatwa, kwa kuwa mchanganyiko wa pamba hurudi kidogo unapofuliwa mara ya kwanza. Pasi iwe ya joto la wastani, na mifuko ipigwe kwa ndani kwanza ili alama za mshono zisitokeze nje. Dada yangu amepokea ya kwake na anaivaa kazini, suruali ikiwa na upana alioutaka yeye. Nami nimeagiza ya pili, ya bluu iliyokolea na mikono mirefu, nikamwomba fundi aache akiba ya kitambaa ya vidole viwili kwenye kila mshono wa kwapa na wa mkono. Amekubali bila kuongeza bei.